DJ umechukua sauti ya mjomba wangu, halafu unamdai hakimiliki yeye mwenyewe?

Wakuu, leo sina upole.

Mjomba wangu ni manju, yaani mtunzi na kinara wa ngoma za Kisukuma kule Magu. Wimbo wake aliurekodi hapa Mwanza mjini kwa hela yake ya pamba, nami nikampandishia video YouTube. Akatokea DJ mmoja, akakata ile sauti, akaiwekea biti ya singeli. Ikashika. Bajaji za Igoma mpaka Kirumba zinaipiga, wajaza nyimbo kwenye flashi pale Buzuruga wanaiuza. Hatukusema kitu. Mjomba mwenyewe alicheka, akasema kumbe vijana wa mjini bado Kisukuma kinawaingia.

Sasa sikieni uhuni. DJ kaipeleka remix yake kwa msambazaji wa mtandaoni, akathibitisha kwamba kila kilichomo ni mali yake peke yake. Ule mtambo wa YouTube wa kutambua sauti, Content ID, haujui nani alirekodi kwanza, unajua nani kasajili. Umeikuta sauti ya mjomba kwenye video ya mjomba, ukasema ni ya DJ! Hela ya matangazo inaelekezwa kwake. Ukiweka pingamizi, linarudi kwa huyohuyo aliyedai, na ana siku 30 za kujibu. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Na mle ndani ya wimbo mjomba anajitaja jina, kama manju wote wanavyojitapa. DJ kashindwa hata kulikata!

Msiniletee habari za "remix ni utamaduni". Nazipenda remix kuliko wengi wenu humu. Mwaka 2004 prodyuza Danger Mouse wa Marekani alichanganya sauti ya Jay-Z na muziki wa Beatles bila kibali, EMI, kampuni iliyosimamia rekodi za Beatles, wakamwandikia aache. Lakini hakujitangaza kuwa mwenye sauti ya Jay-Z. Hata masharti ya mtambo wenyewe yanakataza kusajili remix za kazi za watu, wala nyimbo za watu zilizochanganywa (mash-up).

Kuna aliyeniambia inboksi eti "ngoma ya asili haina mwenyewe", eti "mbona hamkusajili COSOTA", ile ofisi ya hakimiliki. Kasomeni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Haki inaanza pale kazi inapotungwa, usajili ni wa kurahisisha ushahidi. Mtunzi ana haki ya kutajwa na ya kuruhusu kazi yake igeuzwe. Hata sanaa za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana zina sehemu yake humo, ukizifanyia biashara unaomba kibali Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Na huu una mtunzi, yuko hai, analima.

DJ, najua unasoma humu. Remix iache, wala sitaki uifute. Ondoa dai, andika jina la mjomba kwenye kava, halafu tukae tuongee mirabaha. Wakili yeyote wa hakimiliki aliyeko Mwanza aje inboksi, maana barua ya kwanza nataka itoke wiki hii.