Moshi wa Alfajiri: Gumzo la Majirani wa Kimanga

Kikundi: MAJIRANI TABATA KIMANGA
Ijumaa

Mama Salha 06:52
Assalaam alaykum, habari za asubuhi majirani. Naomba niseme jambo, simlengi mtu. Kila alfajiri majiko yakianza kuwashwa, moshi wa nailoni unaingia madirishani. Salha ana pumu. Leo kaamka anahema kwa shida, tumemvutisha dawa hata uso hajanawa. Tafadhali jamani, tusiwashie mkaa mifuko.

Baba Gift 06:55
Pole sana jirani. Anaendeleaje sasa?

Mama Salha 06:56
Katulia, alhamdulillah. Baba yake kampeleka shule.

Mama Jose 07:03
Pole mama Salha. Ila tuambiane ukweli, mkaa siku hizi unauzwa umelowa, mafuta ya taa bei haishikiki, watoto wanadai chai. Nailoni ndiyo iliyojaa ndani. Tuwashie nini?

Bibi Zena 07:10
Vifuu.

Mama Jose 07:10
Shikamoo bibi.

Bibi Zena 07:14
Marahaba mwanangu. Ukishakuna nazi usitupe kifuu, kianike. Kikikauka kinashika moto haraka, na hakinuki. Makumbi mwombe yule anayefua nazi sokoni, yamejaa tu pale kwake.

Fundi Seremala 07:16
Maranda na vipande vya mbao kwangu vipo vingi. Jioni njooni na kiroba, sitaki hela. Msichukue tu vile vyenye rangi au vanishi, navyo moshi wake si mzuri.

Mama Salha 07:17
Allah akulipe fundi 🙏

Bwana Afya 07:31
Nimesoma yote. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Plastiki ikiungua kwenye jiko haiishi, inageuka moshi wenye sumu na chembe ndogo zinazoshuka hadi ndani ya mapafu. Mwenye pumu anauhisi papo hapo, lakini hata sisi wengine tunauvuta. Anayeumia zaidi ni yule aliyeinama kupepea, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Kwa hiyo mama Salha hajasema kwa ajili ya binti yake peke yake.

Ila swali la mama Jose ni la msingi: kwa nini nailoni zimejaa ndani? Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019. Rambo zikaisha madukani, tukazoea mifuko mbadala. Lakini vile vifungashio vyepesi vinavyoonyesha ndani vimeshika nafasi ya rambo. Sheria inaruhusu plastiki ya kufungia bidhaa kama za kiwandani, dawa, pembejeo za kilimo. Haikuruhusu nyanya za fungu zibebwe kwenye kifungashio. Leo nyanya kimoja, dagaa kimoja, chapati kimoja. Mpaka unafika nyumbani una rundo.

Baba Gift 07:36
Basi wabanwe wanaotengeneza. Mama muuza nyanya ana kosa gani?

Bwana Afya 07:39
Wabanwe, na mimi nasema hivyo kila kikao. Kanuni za 2019 zina adhabu kwa mtengenezaji, muuzaji na hata anayebeba. Anayekamatwa na mfuko uliokatazwa, faini inaanzia shilingi 30,000. Lakini tukingojea msako, Salha ataendelea kuvuta moshi.

Mzee Kombo 07:48
Kwetu Zanzibar mifuko ilikatazwa mapema, 2006. Na kabla ya hapo, mimi nikiwa kijana, samaki tukibeba kwa mtungo. Unapitisha ukili kwenye mashavu, unafunga, unakwenda zako. Nyama ikifungwa kwa jani la mgomba. Mtu hakutoka kwake kwenda sokoni mikono mitupu, alionekana hana mpango.

Mama Jose 07:51
Shikamoo mzee. Sasa mtungo kwenye daladala si nitawachafua watu nguo?

Mzee Kombo 07:53
Marahaba. Weka ndoo ndogo yenye mfuniko ndani ya kapu. Mke wangu ndivyo afanyavyo akienda soko la samaki Feri.

Hamisi Chupa 08:05
Shikamooni wakubwa. Mimi niseme kwa upande wa kazi yangu. Chupa za maji na soda nazichukua, naziuza kwa kilo, hizo msichome wala msitupe. Zikamueni maji tu, na msitie mafuta ya gari. Lakini nailoni laini hakuna anayeninunulia. Chafu, nyepesi, gunia zima halina uzito. Ndiyo maana mnaniona naziacha pale pale.

Bwana Afya 08:09
Hamisi kasema neno kubwa. Chupa ina mnunuzi, nailoni haina. Ikishaingia ndani ya nyumba ina njia mbili tu, jikoni au mtaroni. Masika ndiyo hii inakaribia. Mtaro wetu unamwaga kwenda Msimbazi, na mnajua Msimbazi ukifurika Jangwani hapapitiki. Sisemi mafuriko yote ni ya mifuko, mchanga upo na nyumba za bondeni zipo. Lakini mtaro wetu sisi ulizibuliwa mwaka jana na kilichotoka mlikiona.

Mama Salha 08:11
Kwa hiyo tuizuie kabla haijaingia.

Bwana Afya 08:11
Hapo hapo.

Neema Vitumbua 08:20
Poleni na asanteni. Mimi mnanijua, nauza pale kona. Vifungashio nanunua kwa hela yangu, ni gharama kila siku, na nikimfungia mteja kwenye gazeti analalamika mafuta yanapita. Watu wanakuja mikono mitupu, nifanyeje? Mkija na vyombo vyenu nafurahi mimi. Kuanzia kesho, mwenye chombo chake akinunua vitano namwongeza kimoja.

Baba Gift 08:22
😂 Neema kamaliza mjadala!

Bwana Afya 08:25
Neema ubarikiwe. Na kitumbua cha moto, chenye mafuta, kwenye nailoni si salama. Joto na mafuta vinachomoa kemikali za plastiki haraka zaidi zinaingia kwenye chakula. Bakuli la bati, hotipoti, hata sahani na kitambaa safi.

Mama Jose 08:27
Na uji je? Huyu wangu anapenda ule wa asubuhi.

Neema Vitumbua 08:28
Chupa ya chai dada. Unafika nyumbani bado moto.

Mjumbe 08:40
Nimefuatilia. Jumapili saa moja asubuhi tunazibua mtaro, kila nyumba itoe mtu mmoja na koleo au reki. Muuza genge pale njia panda nitaongea naye mwenyewe, nimwombe amuulize mteja kwanza kama ana kapu kabla ya kuchomoa mfuko. Asitukanwe na mtu, ni mama anayetafuta riziki.

Bibi Zena 08:44
Mimi nguvu za mtaro sina. Makapu ya ukili nasuka. Mwenye kutaka aje tuongee bei ya jirani.

Mama Jose 08:46
Bibi nawekea oda moja, lenye mikono mirefu. Neema, kesho vitumbua kumi, Jose atakuja na bakuli.

Neema Vitumbua 08:47
Sawa dada. Aje na mfuniko wake, barabarani vumbi. Na viwili vya nyongeza nitamwekea.