Ushauri: Mjomba ana busha mwaka wa saba huu, anaogopa upasuaji utamwondolea urijali

Mwana Mchinga

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa niaba ya mjomba wangu, yupo kijijini huku Lindi, umri miaka 52. Upande wa kulia wa pumbu umekua taratibu kwa miaka saba hivi, sasa umefikia ukubwa wa dafu dogo. Haliumi, linamlemea tu. Anashinda na msuli, na barazani kwa wenzake ameacha kukaa.

Mambo matatu yanamzuia kwenda hospitali. Ameambiwa mtu akipasuliwa busha uume hausimami tena. Kuna mtu anamshawishi anyonywe maji kwa sindano, kazi ya dakika kumi. Na anataka asubiri mpaka minada ya korosho iishe. Sukari na presha hajawahi kupima.

Tunajuaje kama ni busha kweli na si ngiri? Na tuanzie wapi? Nawasilisha.

Zamu ya Usiku

Mpe mjomba shikamoo. Nianze na swali lako la ngiri, maana jibu lake ndilo linaloamua mengine yote.

Asimame wima. Shika kwa kidole gumba na cha shahada pale juu kabisa, mfuko wa korodani unapoanzia chini ya kinena. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, nalo lina mwisho wake: juu ya uvimbe unapapasa kamba nyembamba tu, yaani mishipa ya korodani, na vidole vinakaribia kukutana. Ngiri ni utumbo ulioshuka kutoka tumboni, haina mwisho huo, uvimbe unapanda moja kwa moja hadi kinenani. Vidole vikiwa palepale, akohoe kwa nguvu. Ngiri itavisukuma, busha litatulia. Halafu alale chali kwa muda. Ngiri nyingi hurudi tumboni zenyewe au kwa kusukumwa kidogo. Busha linabaki lilivyo.

Kuna na kipimo cha tochi. Usiku, zima taa, bana tochi ya simu nyuma ya mfuko, tazama kwa mbele. Maji yakiwa mepesi, mfuko unawaka wekundu kama kiganja kilichofunika tochi, na korodani inaonekana kama kivuli. Ila busha la miaka saba gamba lake huwa limekuwa nene, mwanga unaweza kugoma kupita. Kwa hiyo likiwaka ni dalili nzuri, lisipowaka usihitimishe lolote. Altrasaundi ndiyo inayomaliza ubishi, tena inaonyesha korodani yenyewe ikoje ndani ya hayo maji. Hilo la pili lisidharauliwe: mara chache maji hujaa kwa sababu kuna uvimbe kwenye korodani.

Tena sikiliza hapa. Maumivu makali ya ghafla, hata kwa kijana asiye na busha, ni hospitali saa hiyohiyo. Korodani ikijisokota inakosa damu, na baada ya saa 6 hivi uwezekano wa kuiokoa unashuka haraka. Vilevile ngiri iliyokataa kurudi huku tumbo linauma na mtu anatapika, hiyo haisubiri kupambazuke.

Mti wa Korosho

Mwambieni kabisa kwamba busha haliletwi na kunywa madafu, kama wengi wanavyoamini. Dafu ukilinywa linaingia tumboni, linakwenda kwenye damu, figo zinalitoa kama mkojo. Hakuna njia ya kulifikisha kwenye pumbu. Watu waliona mabusha yamejaa Pwani, na Pwani ndiko kwenye minazi, wakaunganisha. Mbu nao wako hukohuko!

Kwa watu wazima wa huku kwetu chanzo kikubwa ni minyoo ya matende. Mbu anamuuma usiku mwenye vimelea kwenye damu, kisha anawapelekea wengine. Minyoo mikubwa inakaa kwenye mishipa ya limfu (inayonyonya majimaji mwilini) ya sehemu za siri na huishi miaka 5 hadi 8. Si kama malaria ambayo mbu mmoja anatosha. Hapa inataka kuumwa mara nyingi kwa miezi na miaka. Ndiyo maana busha linajitokeza ukubwani kwa mtu aliyeanza kuumwa na mbu tangu utotoni.

Mbu mmojawapo anayeeneza anapenda maji machafu: mashimo ya vyoo, makaro yaliyopasuka, mitaro iliyoziba. Funika tundu la choo, weka wavu kwenye bomba la hewa la choo, lala kwenye chandarua.

Mwana Mchinga

Asante sana wakuu. Nimefanya hayo ya vidole na kukohoa, uvimbe una mwisho juu na haukusukuma. Tochi haikupita. Je, zile kingatiba za matende zinazogawiwa haziwezi kulipunguza? Na hiyo sindano?

Mti wa Korosho

Kingatiba (ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka) Tanzania ilianza kuzigawa mwaka 2000 kisiwani Mafia. Zinaua watoto wa minyoo walio kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba. Ameze, na nyumba nzima imeze, isipokuwa wajawazito na watoto chini ya miaka 5. Lakini maji yaliyokwisha kujaa hayaondoki kwa kidonge.

Zamu ya Usiku

Sindano hapana. Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu watu wanaumia.

Korodani imezungukwa na utando wa tabaka mbili. Utando huo unatoa majimaji kidogo ya kulainisha, na mishipa ya limfu inayanyonya. Minyoo ikishaharibu mishipa, utando unaendelea kutoa, wa kunyonya hayupo. Ukivuta maji kwa sindano umepunguza yaliyopo, chemchemi umeiacha. Baada ya wiki au miezi michache mfuko umejaa tena. Safari hii kuna hatari zaidi: sindano inaweza kutoboa mshipa damu ikavilia ndani, au ikaingiza vijidudu maji yakageuka usaha. Na kama aliyeishika hakutofautisha na ngiri, anatoboa utumbo.

Upasuaji wenyewe ni hivi. Anachomwa ganzi ya mgongoni, au ganzi ya palepale kama busha si kubwa. Ngozi ya mfuko inachanwa, maji yanatolewa (kwa kawaida yana rangi ya manjano), kisha utando unakatwa na kingo zake zinashonwa zisivuje damu. Busha la matende ni bora utando ukatwe wote kadiri inavyowezekana, maana ukibaki mwingi maji hurudi. Korodani inarudishwa mahali pake, mfuko unashonwa. Mara nyingi haifiki saa nzima.

Sasa urijali. Mishipa ya fahamu na ya damu inayosimamisha uume inatoka ndani ya nyonga na kupita chini ya mfupa wa kinena. Haipiti kwenye mfuko wa korodani. Homoni ya kiume inatengenezwa na korodani, nazo zinabaki. Kinachotoka ni maji na utando. Tena busha kubwa ndilo linalovuta ngozi mpaka uume unamezwa. Likiondoka uume unajitokeza tena. Na korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, ndiyo sababu zimening'inizwa nje. Kuzizamisha kwenye maji ya busha yenye joto la mwili miaka saba hakuzisaidii mbegu.

Ila muulize jambo moja kwa faragha: alfajiri uume bado unasimama? Kama ndiyo, mishipa iko salama. Kama umelegea hata alfajiri kwa miezi sasa, upasuaji wa busha hautarekebisha hilo, na baadaye atasema "wamenikata nguvu" kumbe tatizo lilitangulia. Umri wa miaka 52 na sukari haijapimwa, hapo ndipo pa kutazama. Kisukari, presha na sigara huziba mishipa midogo ya uume kabla ya mikubwa ya moyo. Asikimbilie vumbi la Kongo (unga unaouzwa kuongeza nguvu za kiume) wala vidonge vya mtaani, kipimo cha kilichomo hakijulikani. Dawa za kusimamisha uume za jamii ya sildenafil zikikutana na dawa za moyo za naitreti, presha inaweza kuporomoka hadi kuua.

Bandari ya Kale

Kuhusu korosho, mimi namwelewa mzee. Busha lisilouma si dharura. Akipasuliwa Septemba, Oktoba anainama kuokota, mfuko unavilia damu. Amalize msimu, Januari aende.

Zamu ya Usiku

Nakubali, kwa sharti moja: altrasaundi na vipimo asivisogeze. Apime mwezi huu ili tujue ni busha tupu, korodani ni nzima, na sukari kama iko juu ipate muda wa kushuka, kwa sababu kidonda cha mwenye sukari kubwa kinachelewa na kinaoza upesi. Kwa Lindi mjini kuna Hospitali ya Sokoine, Mtwara kuna Ligula, na wa barabara ya Masasi wana Nyangao na Ndanda. Mwulize pia mratibu wa matende na mabusha kwenye halmashauri, maana zipo kambi za upasuaji wa mabusha bila malipo na majina huandikwa mapema.

Wodi ya Wanaume

Naongeza ya maandalizi na uuguzi, kwa kuwa operesheni nzuri inaharibikia nyumbani.

Wiki mbili kabla atibiwe fangasi za mapajani na vidonda vyovyote vya ngozi hapo. Siku tatu za mwisho aoge kwa sabuni mara mbili kwa siku, aipite mikunjo yote. Asinyoe mwenyewe kwa wembe nyumbani. Vichubuko vile ndiyo mlango wa vijidudu, nywele wataziondoa hospitali. Aseme dawa zote anazotumia, hasa aspirini. Kula aache saa 6 kabla, na maji afuate atakavyoelekezwa.

Baada ya hapo mfuko utavimba, na hili huwatisha wengi. Utakuwa mgumu kama chungwa, wanadhani busha limerudi. Huo ni uvimbe wa kidonda, unapungua wiki kwa wiki na unaweza kuchukua miezi 2 hadi 3 kwisha kabisa. Cha kutisha ni mfuko unaokua haraka na kubana ndani ya saa 24 za kwanza, hiyo ni damu inavuja. Au kuanzia siku ya tatu homa, harufu, usaha. Hapo arudi, asipake chochote.

Avae chupi ya kubana inayobeba mfuko usining'inie, usiku na mchana, wiki 4. Akilala aweke taulo iliyokunjwa chini ya mfuko uinuke. Paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Antibayotiki akipewa amalize. Baiskeli, bodaboda, ndoo za maji na mashine ya mgongoni ya kupulizia salfa, asiguse wiki 4 hadi 6. Tendo la ndoa vivyo hivyo wiki 4 hadi 6. Uume ukisimama usingizini siku za mwanzo utavuta nyuzi na kuuma kidogo, lakini ni habari njema, asiogope.

Mwana Mchinga

Mungu awalipe. Nimemsomea yote, amecheka pale pa alfajiri na kusema huko hana neno. Jumatatu tunakwenda kupima. Swali lake la mwisho: choo chetu ni cha kuchuchumaa na lazima ajisafishe kwa maji. Kidonda hakitalowa? Na swala?

Wodi ya Wanaume

Ameuliza la maana, vidonda vingi vya huko hulowana chooni. Kwa wiki mbili mtengenezeeni kiti: kigoda au kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kiwekwe juu ya tundu. Kuchuchumaa kunavuta nyuzi na kukamua damu kwenye mfuko. Akijisafisha, mkono wa pili ushike mfuko pamoja na bandeji auinue mbele, na maji yamiminwe kutoka mgongoni kidogo kidogo, si kutoka mbele. Kisha akaushe kwa kitambaa safi kabla hajaachia. Bandeji ikilowa ibadilishwe hapohapo, isingojwe ikauke mwilini. Ale papai na anywe maji ya kutosha asikaze tumbo, maana kujikamua chooni kunarudisha uvimbe.

Aswali amekaa kwenye kiti mpaka nyuzi zikauke. Kuhusu kutawadha na bandeji amuulize shehe wake kabla ya siku ya operesheni, siyo baada.