Tupeane uzoefu: hoteli za zamani za mjini Lubumbashi, nilaze wazazi huko?

Jambo ndugu zangu. Mwezi wa saba wazazi wangu wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Watoto tumechanga, tunataka walale siku mbili katika hoteli moja ya mjini, ya tangu jiji likiitwa Élisabethville. Sababu ni baba. Alizaliwa Kamalondo, mtaa wa weusi wakati ule, na hoteli hiyo utotoni aliiona kwa mbali tu: mji wa wazungu upande wake, cité ya weusi upande wake, katikati eneo tupu lililoachwa makusudi. Sasa ana miaka 76 na goti linamsumbua. Wadogo zangu wanataka hoteli mpya. Mimi roho inanivuta kule. Mliowahi kulala, niambieni ukweli.

Mama wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi)
Hongera kwa wazee! Mimi na mzee wangu tulilala mjini, hoteli ya namna hiyo, mwezi wa sita. Kuta nene, dari iko juu kabisa, karo (vigae) za chini bado zinang'aa. Mwezi wa kumi chumba kama hicho ni raha. Lakini baridi ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua! Blanketi moja haikutosha, tukaomba la pili usiku. Maji ya moto yalijaza kama ndoo moja, basi. Wakufungulie bomba mbele yako kabla hujatoa pesa.

Fundi Kuran
Kaka, uliza grupu (jenereta) iko wapi na inazimwa saa ngapi. Mimi nilikimbia kelele za barabara nikachukua chumba cha nyuma, kumbe dirisha linatazamana na grupu yenyewe. Delestaje, ule mgao wa umeme, ilianza saa mbili, moshi na ngurumo mpaka saa sita, halafu giza. Na kwa goti la mzee usitegemee lifti. Chumba cha chini.

Ya Mado
Bei watakutajia kwa dola. Uliza kama chai ya asubuhi imo.

Mtoto wa Katuba
Mimi sikuwa na pesa ya chumba. Nilimpeleka mama kunywa chai tu, barazani. Kabla ya kukaa alishika mbao ya ngazi, akapitisha kidole polepole toka chini hadi mkono ulipofika, akaniuliza, "Ni hapa kabisa?" Alikaa saa tatu nzima, hakutaka tuondoke. Amefariki sasa. Mpeleke baba, ndugu yangu.

Mwenye swali
Asanteni sana. Jana nilienda mwenyewe. Ngazi ni 22 mpaka etaji ya kwanza, nimezihesabu, lakini chini kuna chumba kimoja, na grupu iko upande wa pili. Maji yalipata moto baada ya dakika nne. Nimetoa avansi. Mablanketi tutabeba ya nyumbani. Baba hatujamwambia, anajua tu kwamba Jumapili hiyo tuna misa kwenye Katedrali ya Petro na Paulo.