Mshono wa tatu tu ndio unatoka na vitundu: shida ni roboti?

Fundi wa Mageti: Wadau, habari zenu. Nimechomelea mageti Kamukunji, Nairobi, miaka tisa. Sasa niko kiwanda cha vipuri vya magari huku Kentucky, Marekani, nalisha roboti mbili za kuchomelea. Kazi ni fremu inayobeba injini: bati la milimita 2 lenye zinki, limelala juu ya lingine. Waya wa kuchomelea ni milimita 1.2, gesi ya kukinga mshono ni argoni 90 kwa kabonidayoksaidi 10. Mshono wa tatu unatoka kama sponji, mingine safi kabisa! Mhandisi amegusa programu mara nne. Fomeni naye akafungulia gesi mpaka lita 30 kwa dakika, vitundu vikazidi. Mimi nasikia tu: pale sauti haikaangi kama mandazi, inapasukapasuka. Nianzie wapi?

Mzee Nozeli: Teremsha gesi kwanza. Ikitoka kwa kishindo inajizungusha na kuvuta hewa ndani. Lita 16 hadi 18 zinatosha, ila feni isiwe inapuliza hapo. Halafu, zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chuma hakijayeyuka hata kidogo. Mabati yakibanwa sana, mvuke wake utapitia wapi kama si kwenye mshono? Jigi, ile inayoshikilia mabati, inabanaje pale?

Binti Waya: Kabla ya jigi, fungua ile ncha ya shaba inayopitisha waya uitazame kwenye mwanga. Ikishalika, tundu linakuwa yai, waya unatoka umeinama, na roboti haijui. Inafuata njia yake ileile.

Fundi wa Mageti: Nimerudi. Ncha ilikuwa yai kweli. Nimeibadilisha, mshono umerudi mahali pake ila vitundu vikapungua tu. Nikalala chini ya jigi na tochi. Kibano cha mshono wa tatu kinagandamiza mabati hata karatasi haipiti, kwingine ukucha unaingia. Tumeweka kipande cha milimita 0.3 chini ya kibano ili pabaki mwanya, na kupunguza mwendo wa roboti kidogo. Fremu arobaini tangu asubuhi, mbili tu zina kitundu. Gesi niliirudisha 18 fomeni akiwa chai.

Mzee Nozeli: Hizo mbili zikate uone kitundu kinaanzia wapi. Na kifyonza moshi kiwe kinafanya kazi, homa ya zinki, ile ya kuvuta moshi wake, si mchezo.

Fundi wa Mageti: Kamukunji tulikuwa tunakunywa maziwa.

Binti Waya: Maziwa hayazuii kitu, kaka. Vaa barakoa.