Wenye maduka Malindi, hiyo "88V" kwenye pawasoo za betri mmeipimia wapi?

Jamani, hii biashara ya pawasoo za betri, yaani misumeno midogo ya cheni, hapa Malindi imekuwa wizi wa mchana. Pita maduka ya vifaa uone masanduku yalivyopangwa mlangoni: 48VF, 88VF, mengine yamefika 388, eti hizo ni volti. Bapa (kile chuma kirefu kinachozungukwa na cheni) la inchi 6, betri mbili, chaja, glavu za bure, na picha ya mtu anaangusha gogo nene kama pipa la maji. Muuzaji ukimuuliza inakata nini, jibu ni moja: "Mti wowote, bosi." Hata mvinje mkavu? "Wowote."

Haya, tupige hesabu. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa kabisa ni 4.2. Hizo betri zenu zina skrubu nne tu. Zifungueni. Ndani kuna seli 5 zimefuatana. 5 mara 3.6 ni 18, na zikijaa ni 21. Basi, hakuna volti nyingine zilizojificha humo. Ili ufikishe 88 za kweli unahitaji seli 21 mfululizo zikiwa zimejaa pomoni, na betri ya hivyo haiingii kwenye mpini unaoshikika kwa kiganja kimoja. Asiyetaka kufungua aweke mita kwenye ncha mbili za betri iliyojaa, asome mwenyewe: 20 na kitu. Au ageuze chaja, asome maandishi madogo mgongoni: inatoa 21V. Yaani kibandiko kinasema 88, chaja inasema 21, na vyote vimo katika sanduku moja! Mnatuona hatujui kusoma?

Uongo wa pili uko kwenye Ah (ampea-saa, kiasi cha chaji betri inachobeba), na huu ndio unaouma zaidi kwa sababu ndio unaoamua utakata kwa muda gani. Seli hizi ni zile za duara za saizi 18650. Zile bora kabisa hubeba kama Ah 3.5, na hizi za bei rahisi ni 1.3 au 1.5. Sasa betri ya seli 5 zilizofuatana inaandikwaje Ah 6? Seli zikifuatana, zinazojumlishwa ni volti. Ah inabaki ile ile ya seli moja. Wakidai zimo seli kumi, safu mbili za tano tano, mizani haidanganyi: seli moja ya 18650 ina gramu 45 hivi, tano ni gramu 225, kumi ni 450. Ukipima betri na ganda lake ukapata gramu 300, ndani hakuna seli kumi hata waape.

Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa, ndiyo nishati iliyomo. 18 mara 1.5 ni wati-saa 27. Mota ikivuta wati 500 kwenye mti mgumu, hizo 27 zinakwisha kwa dakika tatu na ushee. Msumeno wa betri wa kweli wa kazi za shamba, wa volti 36 na betri ya Ah 4, una wati-saa 144. Hiyo ni zaidi ya mara tano. Sisemi kila mtu anunue huo mkubwa, una bei yake. Nasema muuze hiki kidogo kwa jina lake: kifaa cha kupogolea vitawi.

Maana kinachotokea mtini kinajulikana. Kwenye mwarobaini mbichi, tawi la unene wa kifundo cha mkono, kinapita vizuri. Peleka kwenye mvinje mkavu au mkwaju: cheni inaingia kidogo, mota inavuta umeme mwingi, volti zinaporomoka, ulinzi wa betri unakata umeme, kimya. Mteja anaachia swichi, anabonyeza tena, inazima tena. Afanye hivyo mara kadhaa kwa jua la saa saba, mota yenye brashi (vipande vya kaboni vinavyosugua ndani kupitisha umeme) inachemka hadi varnishi ya waya inanuka. Mota isiyo na brashi ingevumilia zaidi, lakini hiyo neno lake huwa limeandikwa sandukuni tu. Kagua matundu ya hewa ukiwa umebonyeza swichi: ukiona vicheche vya bluu ndani, hiyo ni ya brashi, mjadala umekwisha.

Cheni nayo. Mteja akirudi kununua nyingine anaulizwa "inchi ngapi?" kana kwamba anaomba bomba. Inchi ni urefu wa bapa! Cheni inanunuliwa kwa vipimo vitatu. Cha kwanza ni hatua yake: pima kutoka ribiti moja hadi ya tatu (zile pini zinazounga viungo), gawa kwa mbili. Hivi vidogo huwa robo inchi, vikubwa kidogo huwa 3/8 ya wasifu mfupi ("low profile", yaani cheni ya kimo kifupi). Cha pili ni unene wa vile vijino vya ndani vinavyopita kwenye mfereji wa bapa, 1.1 mm au 1.3. Cha tatu ni hesabu ya vijino hivyo, mzunguko mzima. Ukitia cheni ya 1.3 kwenye bapa la 1.1 haiingii, hilo afadhali. Balaa ni cheni ya 1.1 kwenye bapa la 1.3: inaingia, inazunguka, halafu inayumba, inakata upinde, na mfereji unapanuka hadi bapa lenyewe ni la kutupa.

Na nyinyi mafundi wa kunoa kwa grainda, acheni. Jino likigeuka bluu limeshaungua, chuma kimelainika, litakata mti mmoja na kurudi butu. Kuna tupa ya duara kwa kazi hiyo. Kwa 3/8 ya wasifu mfupi ni tupa ya mm 4. Pembe ni digrii 30, unasukuma kwenda nje tu, hurudishi ukikwaruza, na kila jino linapata idadi sawa ya misukumo. Moja ya tano ya unene wa tupa ibaki juu ya jino. Kile kinundu kilicho mbele ya jino kiwe chini yake kwa mm 0.65 hivi. Kikiwa juu sana, cheni inateleza juu ya mti bila kuuma. Kikifutwa sana, inauma kupita kiasi na betri ndogo inazima papo hapo. Dalili ya ubutu ni unga. Cheni kali inatoa chenga, butu inatoa unga na moshi. Ikivuta upande mmoja, meno ya upande wa pili ni mafupi au butu.

Mwisho ni waranti. Mkononi risiti imepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, ilhali mlangoni kuna bango "waranti mwaka 1". Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya maelezo ya kutosha kuihusu, na fidia akipata hasara kwa kasoro yake. Kibandiko cha 88V ni maelezo gani?

Karibuni tuzungumze. Wauzaji pia njooni, msijifiche.

—

Mwana_Langoni, Lamu

Umenena, ila kwetu visiwani ongeza chumvi. Upepo wa bahari unakula zile ncha za shaba za betri, zinaota ukungu wa kijani, msumeno unazimazima, watu wanadhani betri imekufa. Futa kwa kitambaa na spiriti, acha zikauke kabla ya kuchomeka. Cheni usiilaze usiku ikiwa kavu, itaamka na kutu kwenye ribiti na viungo havikunjiki. Ivue, iloweke kwenye kopo la oili.

Jambo jingine ni usafiri. Masanduku yanavuka kutoka Mokowe yamewekwa juu ya mashua, jua linawaka. Lithiamu na joto havipatani. Betri ikifika ya moto usiichaji hadi ipoe kabisa, na ya kukaa muda mrefu iache nusu chaji, kivulini. Wengi huku wanaiacha kwenye chaja siku zote kwa sababu stima inacheza. Chaja hizi rahisi hazisawazishi seli, kwa hiyo seli moja inachoka mapema na kuangusha zote tano. Utaijua: unachomeka, taa inageuka kijani mara moja, lakini msumeno hauna nguvu.

Pale tu nitakupinga: si wizi kwa kila mtu. Kwa nyua zetu, mti wa komamanga na asumini, hicho kidogo kinatosha na hakipigi kelele jirani akafoka.

—

Kaunta_Moja

Mnatupiga mawe bure. Bidhaa inaletwa imeandikwa hivyo hivyo, sisi hatuchapi vibandiko. Na wateja wenyewe je? Mtu anarudisha kifaa cheni imegeuka zambarau, bapa limeungua, ukimuuliza oili aliweka lini anakwambia "kwani hii si ya betri?"

—

Aliyeanzisha uzi

Kaka, hilo la oili nakupa, lakini bado liko mezani kwako. Betri inaondoa petroli, haiondoi msuguano. Vifaa vingi vidogo havina pampu ya oili, vina tundu la kudondoshea kwa mkono au havina chochote. Ulimwambia mteja hivyo, au ulimwambia "hii haina mambo ya oili"? Kwa kifaa kisicho na pampu ni matone machache kwenye mfereji wa bapa kila baada ya mikato michache. Iwe oili ya cheni, ile inayonata. Ikikosekana, oili safi ya injini ya SAE 30 itakuokoa kwa siku hiyo. Msitie ile nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye gari: ina chembe za chuma, inaziba pampu, na inakurukia usoni na kwenye mikono ilhali si salama kwa ngozi. Mafuta ya kupikia nayo yanafaa ukimaliza kazi ukasafisha. Ukiyaacha mwezi yanaganda kama gundi.

Kukaza cheni pia hamfundishi. Toa betri kwanza. Legeza nati za bapa, inua ncha ya bapa juu, kaza skrubu ya pembeni hadi cheni ikumbatie bapa chini, kisha kaza nati ncha ikiwa bado juu. Ivute katikati: vijino visitoke vyote kwenye mfereji, na izunguke kwa mkono. Cheni mpya inalegea dakika za mwanzo, kwa hiyo inakazwa tena. Ukiikaza ikiwa moto, ilegeze ukimaliza, la sivyo ikipoa inajikaza na kuvuta shafti ya mota.

—

Mama_wa_Gede

Mwanangu, haya ya volti nimeyasoma mara mbili nimeyaelewa. Nina mwembe unalalia bati na minazi miwili ya kuondoa. Vijana wanakuja na hicho kidogo, wanakishika mkono mmoja kama panga.

—

Aliyeanzisha uzi

Mama, wazuie. Robo ya juu ya ncha ya bapa ikigusa mti, msumeno unapiga teke kurudi usoni, na hivi vidogo vingi havina breki ya cheni. Mikono miwili, miwani, na mtu asipande ngazi nacho.

Tawi la mwembe likatwe kwa mikato mitatu. Wa kwanza kutoka chini, kama futi moja kutoka pale tawi linapoungana na shina, hadi robo ya unene. Wa pili kutoka juu, vidole viwili vitatu nje ya ule wa kwanza, tawi lianguke bila kuchuna ganda. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki, nje ya lile tuta pale tawi linapoota, wasilikate tuta lenyewe. Kwa kuwa mwembe unalalia bati, tawi lifungwe kamba kwanza, likatwe vipande vifupi kutoka nchani.

Minazi usiwape hicho kidogo kabisa. Mnazi ni mgumu kwa nje na laini ndani, nyuzi zake zinajisokota kwenye gurudumu la cheni na kuziba tundu la oili, na miti ya karibu na bahari imejaa mchanga kwenye ganda. Mchanga unaua ukali wa cheni kwa mkato mmoja. Wasugue gogo kwa brashi ya waya pale watakapokata, waangalie misumari ya waliogongea mabango, na waje na pawasoo ya petroli au ya volti 36 kwenda juu yenye bapa refu kuliko unene wa gogo.

—

Mama_wa_Gede

Na hiyo ya 36 nikitaka kununua ya nyumbani?

—

Aliyeanzisha uzi

Nenda na mita, Mama, au nenda na fundi mwenye mita. Waichaji, waipime mbele yako: inayoitwa 36 ina seli kumi mfululizo, ikijaa isome karibu 42. Kisha wakutolee cheni ya akiba ya vipimo vile vile, wakuwekee juu ya kaunta. Kama hawana, usitoe pesa.