Boksi la sayansi la dukani au vifaa vya hapa hapa? Naomba ushauri

MleziKibirizi: Habari wakuu. Nalea kikundi cha watoto jumamosi hapa Kibirizi, Kigoma, kamati imenipa laki na nusu ya vifaa vya sayansi, nataka vitu wafanye kwa mikono maana kunakili ubaoni wanafanya wiki nzima. Kuna boksi linauzwa Dar lina sumaku, balbu, waya na lenzi, ukiweka na nauli ya basi hela karibu yote inaisha. Au nikusanye vya hapa hapa? Alhamisi natakiwa nijibu.

DadaMwandiga: Watoto wangapi? Umri? Mnakaa chumbani au nje? Umeme upo? Hujasema kitu mkuu, tukushauri nini sasa.

FundiRedioUjiji: Usinunue boksi. Mimi nilinunua kwa ajili ya watoto wa mtaani kwetu, ngoja nieleze yote usije ukarudia. Lilifika limebonyea, maelekezo Kichina kitupu, ndani balbu sita za tochi za volti 2.5 na kishikio cha betri mbili, na watoto 38 wamenizunguka. Ya kwanza ikawaka, kelele mtaa mzima. Kijana mmoja akaona mwanga mdogo, nimegeuka tu kaongeza betri mbili, hapo ni volti 6, balbu ikamulika nyeupe ikafa. Wakadhani imelegea wakafunga nyingine, nayo ikaenda. Nageuka zimebaki nne na watoto 30 hawajagusa hata waya. Kuna kabinti kalipanga foleni tangu mwanzo kakaniuliza "zamu yangu bado?" Mpaka leo naisikia. Nunua balbu na betri mjini, kila watoto watatu na seti yao.

MleziKibirizi: Samahani dada, wako 34, miaka 7 mpaka 11, tunakaa chini ya mwembe, umeme hakuna.

KijanaKatubuka: Fanya volkano basi! Udongo, magadi, siki, watoto watapagawa.

DadaMwandiga: Mdogo wangu hayo ni mazingaombwe, mtoto anashangaa anaenda nyumbani hajajua kitu. Labda wavalishe puto mdomoni mwa chupa, kundi moja kijiko kimoja cha magadi, lingine viwili, siki kipimo kilekile, waone puto lipi linavimba zaidi na wabishane kwa nini.

KijanaKatubuka: Kushangaa ndo mwanzo wa kujifunza dada. Mi nilipenda kemia kwa sababu ya povu hilo hilo.

MwalimuMstaafu: Wanangu, jaribuni rosela. Chemsha maua makavu, chuja, kila mtoto apewe kidogo kwenye glasi. Akikamulia ndimu wekundu unakolea. Akitia maji ya majivu yaliyochujwa, tone kwa tone, wekundu unafifia, unapita kwenye zambarau, unaishia kijani cha matope. Kisha arudishie ndimu, wekundu unarudi! Nimeona watoto wa la pili wakirudia mara tano bila kuambiwa. Majivu yametoka jikoni kwa mama zao.

MvuviKatonga: Nyie mko Kibirizi halafu mnatafuta sayansi Dar? Chukua dagaa wabichi, gawa nusu kwa nusu, nusu mchangani, nusu kwenye chanja, watoto waje kuwagusa kila nusu saa na kuandika. Wa chanja watakauka mapema maana hewa inapita chini pia. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe 1960 alikuwa na darubini na daftari, hakuja na maabara. Wapeleke pia ziwani waangalie konokono.

DadaMwandiga: Ziwani wakanyage maji wapate kichocho? Hao hao konokono ndo wanabeba. Kaka hapana.

MvuviKatonga: Nimesema waangalie, sijasema waogelee. Sisi tumekulia humo.

DadaMwandiga: Na wangapi waliugua? Miaka 7 huwezi kumzuia akiona maji.

FundiRedioUjiji: Dada yuko sahihi. Wachoteeni ndoo.

BibiMawese: Mimi nashauri mawese. Asubuhi yameganda, mchana yameyeyuka, na yote mawili yanaelea juu ya maji. Waulize kwa nini. Ila siku hizi sokoni wanachanganya, nani anajua pa kupata safi?

KijanaKatubuka: Bibi njoo Mwanga, hapa hapa mjini, kuna mama anakamua mwenyewe.

MleziKibirizi: Asanteni sana. Naelekea kwenye balbu na rosela, ila mjumbe mmoja wa kamati bado anataka boksi, anasema wazazi wataona kitu cha maana. Rosela kavu hapa mjini ipo au mpaka niagize Dodoma?

BibiMawese: Mwanga upande gani, mjukuu wangu?