Tupeane uzoefu: mnaoirudia Tron, ile muvi ya 1982 inayochezwa ndani ya kompyuta, na washkaji, nini huwa kinaharibu?

Mzee wa Fremu: Wakuu, kabla ya yote zimeni ile setingi ya kulainisha mwendo. Kwenye LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow, Samsung ni Auto Motion Plus. Muvi ni fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde. TV ikianza kujitungia fremu za katikati, zile pikipiki za mwanga zinazokata kona ya nyuzi 90 ghafla zinaacha ukungu pembeni. Halafu mtu anasema muvi imezeeka.

kipepeo77: Hapo kwenye kona umenena.

Binti Pwani: Na taa zizimwe. Intaneti ikiwa ya kusuasua, lile giza linakatikakatika kuwa vibokisi. Bora diski.

Nyundo: Pandisheni mwangaza wa TV, mbona rahisi.

Binti Pwani: Msimsikilize huyu. Ukipandisha, weusi unageuka kijivu, na mule ndani weusi ndiyo seti yenyewe!

Nyundo: Sawa, mtaalamu. Ila ndiyo muvi ya kwanza ya kompyuta, heshima yake ibaki.

Mzee wa Fremu: Ya kwanza kwa lipi? Kati ya dakika 96, picha za kompyuta tupu hazizidi dakika 20. Iliyotengenezwa yote kwa kompyuta ni Toy Story, 1995.

Nyundo: Kwa hiyo ile mistari inayong'aa mwilini mwa mwigizaji Jeff Bridges ni chaki?

Fundi Kivuli: Ni mikono ya watu, Nyundo. Waigizaji walipigwa picha kwa filamu isiyo na rangi ya milimita 65, kwenye seti nyeusi, mavazi meupe yenye mistari myeusi. Kila fremu ikakuzwa kwenye karatasi kubwa ya filamu aina ya Kodalith. Kutoka hapo wakatengeneza vizibio, yaani vipande vinavyoziba mwanga kila mahali isipokuwa sehemu moja: cha uso, cha macho, cha mistari. Vikapangwa juu ya meza ya katuni, taa ikawashwa kwa chini kupitia kichujio cha rangi, kamera ikapiga. Kizibio kikabadilishwa, ikapiga tena juu ya fremu ileile.

Kasheshe ikaja. Kodak, waliotengeneza hizo karatasi, walizipa namba boksi zake ili zitumike kwa mpangilio, maana kila toleo lilipokea mwanga kwa kiwango chake. Watengenezaji wa muvi hawakulijua hilo, wakachanganya. Matokeo: mistari ikapepesa, fremu moja kali, inayofuata hafifu. Kurudia kazi yote haiwezekani, basi watu wa sauti wakaweka milio ya umeme palepale inapopepesa, ionekane ni mitambo ya mule ndani inaleta hitilafu.

kipepeo77: Weeee! Kumbe ile milio ni kiraka?

Binti Pwani: Nyundo umekwisha.

Nyundo: Pikipiki je? Nazo karatasi?

Fundi Kivuli: Hizo kompyuta, kampuni ya MAGI. Ila hakukuwa na kuburuta kitu kwenye skrini. Kila kitu, kila fremu, namba sita: tatu za mahali kilipo, tatu za kilivyoinama. Sekunde nne ni fremu 96, yaani namba 576 kwa pikipiki moja, zinaandikwa kwenye karatasi kisha zinaingizwa.

Nyundo: Si nilisema ni ya kompyuta!

Mzee wa Fremu: Hizo namba kaandika nani?